Sura ya Tano: Ngozi Katika Vumbi la Nakivale

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika wilayani Isingiro, Uganda, na kila gari linaloacha lami kuelekea Nakivale huburuta wingu la vumbi jekundu linalotua juu ya migomba, juu ya mabati na juu ya watu. Jua la hapa, kusini kidogo mwa ikweta na zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchoma kuliko alivyozoea mtu wa Uvira au Bujumbura. Usiku hewa hupoa, asubuhi huwa na baridi. Ndiyo miezi ambayo ngozi hupauka. Miguu ya watoto wa shule hugeuka kijivu hadi magotini, midomo hupasuka, visigino huota magaga, na mwanamke aliyekuwa akijipodoa bila taabu alipoishi kando ya Ziwa Tanganyika hushangaa kuona poda ileile sasa haishiki, inabanduka puani na kujikusanya kwenye mikunjo ya uso.

Wapo watakaouliza kwa nini kitabu cha urembo kiende kwa wakimbizi, watu wenye shida kubwa kuliko midomo iliyokauka. Nawajibu kwamba ngozi inayowasha usiku kucha ni shida, na mtu aliyepoteza nyumba yake hajapoteza haki ya kutoka mlangoni akiwa amependeza. Isitoshe, Nakivale ina elimu ya mafuta ambayo hutaipata katika duka lolote la Kampala. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na kila kundi lilikuja na ujuzi wa mama na bibi zake juu ya mwili.

Mkongo wa Kivu na Mrundi wa ziwani wanajua mafuta ya mise, yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa ya mchikichi, ambayo watoto hupakwa baada ya kuogeshwa. Mnyarwanda anakumbuka samli ya ng'ombe iliyopakwa mwilini tangu zamani, na jirani yake Mnyankole, mwenyeji wa nchi hii ya ng'ombe wenye pembe ndefu, anakumbuka samli hiyohiyo. Msomali analeta qasil, unga wa majani makavu ya mti wa jamii ya mkunazi, unaokorogwa kwa maji na kupakwa usoni na kwenye nywele. Majani hayo yana saponini, kwa hiyo hutoa povu na kuondoa uchafu bila kuichuna ngozi kama sabuni ya kufulia inavyoichuna. Watu wa pwani yetu, ambao nao huosha kwa majani ya mkunazi, wataitambua harufu yake mara moja.

Ili tujue lipi kati ya hayo linafaa na kwa nini, tuiangalie ngozi yenyewe. Tabaka lake la nje kabisa, katika sehemu nyingi za mwili, ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Limeundwa kwa seli zilizokufa zilizolaliana, na kati ya seli hizo kuna mafuta ya aina tatu: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Maji hutoka ndani ya mwili kila saa na kupotea hewani kupitia tabaka hilo, na mafuta hayo ndiyo yanayoyazuia yasipotee kwa kasi. Yakipungua, kwa sabuni kali, kwa upepo, kwa umri au kwa maradhi ya kurithi, maji hukimbia, seli za juu hukakamaa na kuinuka kingo zake, na mwanga unaoanguka juu yake hutawanyika. Huko kutawanyika kwa mwanga ndiko kunakoifanya ngozi nyeusi ionekane ya kijivu. Rangi yako haijapotea wala haijachafuka. Ipo palepale chini ya seli zilizokosa maji, na ukiilowesha ngozi unaiona inarudi mbele ya macho yako.

Kwa hiyo mafuta peke yake hayatoshi. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, utang'aa kwa nje na ndani ukabaki mkavu. Paka mwili ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi baada ya kuoga, kabla taulo au kanga haijanyonya kila tone. Jambo hili halidai hata kikombe kimoja cha maji zaidi, na Nakivale hilo ni muhimu, kwa sababu maji ya kambi, mengi yakiwa yanavutwa kutoka Ziwa Nakivale na kusafishwa, hupangiwa foleni. Mashirika ya misaada hulenga kumpatia kila mkimbizi lita 20 kwa siku za kunywa, kupikia, kufulia na kuogea, na kiangazi lengo hilo huwa gumu. Anayeogea beseni moja ana maji ya kutosha kwa ngozi yake mradi mafuta yawe karibu na beseni.

Mafuta gani? Hapa nina msimamo. Mafuta ya mgando, yale ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872 na ambayo leo kampuni ya Movit ya Kampala huyafunga katika makopo yanayofika hadi Goma na Bukavu, ndiyo yanayozuia maji kupotea kuliko mafuta yoyote ya jikoni. Ni ya bei nafuu, hayaozi, na yale yasiyo na manukato mara chache sana humdhuru mtu. Lawama yake moja ni ya kweli: mchana hunasa vumbi. Basi yawe ya usiku, kwenye miguu, viwiko na visigino, na kwa magaga uvae soksi juu yake. Mchana tumia losheni nyepesi au mafuta ya mimea.

Katika mafuta ya mimea, alizeti, ambayo Uganda hulima kwa wingi kaskazini, ina nafasi ya heshima. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, walieleza kwamba watoto njiti waliokandwa kwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiokandwa, kwa kuwa ngozi iliyotunzwa hufunga mlango wa vijidudu. Mafuta ya nazi nayo yalipimwa Ufilipino mwaka 2004 dhidi ya mafuta ya madini kwa watu wenye ngozi kavu, na yote mawili yalifaa. Mafuta ya zeituni, ambayo watu wengi huyaheshimu kwa sababu za dini na za bei, yalipopimwa Uingereza yalionekana kuudhoofisha ukuta wa ngozi. Yabaki kwenye chakula. Na usisahau mafuta ya mti wa shea kutoka Lango, Acholi na West Nile, laini kuliko ya Afrika Magharibi, ambayo huyeyuka kiganjani. Samli ya mji jirani wa Mbarara hulainisha vizuri, lakini huchacha, na mwenye chunusi au mwenye kufanya kazi juani ataichoka harufu yake kabla ya saa sita.

Gliserini inastahili maneno yake. Huvuta maji na kuyashika, na chupa yake hupatikana katika maduka ya dawa ya Mbarara. Watu wengi huikosea kwa kuipaka kavu kavu usoni, na hewa ya Julai isipokuwa na maji ya kuipa, gliserini huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganye sehemu moja kwa mbili au tatu za maji safi, paka juu ya ngozi yenye unyevu, kisha funika kwa mafuta. Na tafadhali usiikamulie limau. Desturi hiyo imeenea, na ndiyo inayoacha mabaka meusi kwenye shingo na mikono, kwa kuwa maji ya limau na ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi.

Sasa sabuni. Kiwango cha Sphere, kinachofuatwa na mashirika ya misaada duniani, kinampa kila mtu gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mwezi. Mafuta ya kupaka hayamo katika kiwango hicho cha chini. Nyumbani, sabuni ikiwa chache, mche mmoja hufua, huosha vyombo na kuogesha familia nzima. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, kipimo cha asidi kinachokaribia 5, na sabuni ya mche iko kati ya 9 na 10. Kila inapopita huondoa mafuta yale ya kati ya seli, na huchukua saa kadhaa ngozi kujirudisha. Mwenye ngozi kavu asijisugue mwili mzima kwa sabuni kila siku. Makwapa, sehemu za siri na miguu yataka sabuni. Mikono, mgongo na mapaja yatosheke na maji, isipokuwa siku ya kulima au kubeba matofali.

Wakimbizi wengi wamefundishwa kutengeneza sabuni, na sabuni hiyo ya mkono inaweza kuwa bora kuliko ya kiwandani. Mafuta yanapokutana na kostiki hugeuka sabuni na gliserini. Viwanda vikubwa huitoa gliserini hiyo na kuiuza peke yake, ila mtengenezaji wa mkono huiacha ndani. Faida hiyo hupotea pale kostiki inapokuwa nyingi kuliko mafuta, au miche inapouzwa siku ya pili kwa sababu mtaji ni mdogo na watoto wanataka kula. Sabuni iliyochemshwa isipelekwe sokoni ikiwa bado inauma ulimi, na ile iliyotengenezwa bila kupikwa ikae rafuni walau wiki nne. Anayepunguza kostiki kidogo, ili sehemu ndogo ya mafuta ibaki bila kugeuka, anatengeneza sabuni ya kuogea ya kweli. Ningependa kuona miradi inayogawa vifaa vya sabuni ikigawa pia mizani ya kupimia, maana kupima kostiki kwa kikombe ni kubahatisha kwa ngozi za watu.

Katika soko la Base Camp, Nakivale, na zaidi kwenye maduka ya High Street mjini Mbarara, anayelalamika kwamba amepauka huuzwa kitu kingine kabisa. Huambiwa, dada, hii itakutoa weusi. Mirija na makopo yenye picha za wanawake weupe hupangwa pamoja na losheni za kawaida, na mengine huchanganywa papo hapo na kuuzwa kwa kijiko. Tanzania mchanganyiko huo huitwa mkorogo. Wakongo wengi walifika Nakivale wakiwa tayari wameutumia kwa miaka, na sina lawama kwao, kwa sababu walikulia penye matangazo yaliyowaambia kwamba weupe ndio usafi.

Ndani ya mkorogo mna, kwa kawaida, moja au zaidi kati ya vitu vitatu. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi, na ikitumiwa muda mrefu juani huacha weusi wa samawati mashavuni ambao ni vigumu mno kuutibu. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo, na huwafikia hata watoto wanaolala kitanda kimoja na mama. Steroidi kali kama klobetasoli ni dawa nzuri mikononi mwa daktari kwa ugonjwa fulani na kwa wiki chache. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, huipunguza ngozi unene, huleta michirizi mapajani na kuufanya uso uwake moto siku unapoiacha. Kwa mada yetu, ubaya wake mkubwa ni kwamba ngozi iliyopunguzwa unene haiwezi tena kushika maji. Mtu alianza na ukavu wa msimu, akaishia na ukavu wa kudumu.

Serikali hazikulala. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipiga marufuku tangu 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo, na mkutano wa Geneva wa Novemba 2023 ukaondoa hata kipimo hicho kidogo na kutaka vipodozi vyote vyenye zebaki viishe ifikapo 2025. Rwanda ilianza msako mkali mwishoni mwa 2018. Uganda, shirika la viwango UNBS limepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Hata hivyo Isingiro inapakana na Tanzania, Kongo haiko mbali, na mfuko mmoja wa mabegani unatosha kuingiza mirija ya mwezi mzima. Kinga iliyo mikononi mwako ni kusoma. Ukiona maneno hydroquinone, mercury, calomel, clobetasol au betamethasone kwenye kasha, rudisha. Ukiona hakuna orodha yoyote ya vilivyomo, rudisha pia. Na kama umekwisha kuutumia kwa miaka, usiuache kwa ghafla bila kuonana na mhudumu wa afya, kwa sababu steroidi huachwa hatua kwa hatua.

Tuje kwenye kujipodoa. Mbarara ni mji wa sherehe, na wapambaji wake huwa na kazi nyingi mwishoni mwa juma kwa ajili ya kuhingira, siku ambayo wazazi wa Kinyankole humtoa binti yao. Bibi harusi huvaa vazi la mushanana na kukaa chini ya turubai, kwenye joto na upepo, akitazamwa na kamera kwa saa nyingi. Desemba na Januari, sherehe zikiwa nyingi na kiangazi cha pili kikianza, uso mkavu hufedheheka haraka. Poda hupasuka kando ya mdomo kabla ya hotuba ya pili.

Dawa yake huanza wiki mbili kabla: kuacha kusugua uso kwa vitu vya kukwaruza, kupaka losheni asubuhi na jioni, kulala na mafuta mepesi. Siku yenyewe uso uoshwe kwa maji tu au kwa kisafishaji laini kisicho na povu jingi, upakwe losheni ukiwa na unyevu, kisha mpambaji asubiri dakika kumi. Hizo dakika kumi ndizo zinazoibwa katika saluni zenye foleni, na ndizo zinazoamua kazi yote. Faundesheni iwe ya maji au ya krimu, ipigwe kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, kidogo kidogo, kuanzia katikati ya uso kwenda nje. Poda iguse paji la uso na pembeni mwa pua tu. Mashavuni tumia rangi ya krimu. Midomo ipakwe mafuta ya mgando mwanzoni kabisa, yafutwe mwishoni, ndipo rangi iwekwe, na rangi kavu isiyong'aa uiepuke hata kama ndiyo inayovuma mwaka huu.

Kuhusu rangi ya faundesheni, tumetoka mbali. Eunice Johnson alianzisha Fashion Fair Marekani mwaka 1973 baada ya kuona wanamitindo weusi wakichanganya rangi wenyewe nyuma ya jukwaa, Suzie Wokabi akaleta SuzieBeauty Kenya, na Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40, kampuni nyingine zilionea aibu rafu zao. Lakini katika duka la mjini bado huenda ukakuta rangi tatu, zote nyepesi kuliko wewe, na muuzaji anayekuhakikishia kwamba itakukubali. Haitakukubali, mama. Rangi nyepesi juu ya ngozi kavu hurudisha ukijivu uleule uliotaka kuuficha. Paka kidogo kwenye taya, toka nje uitazame juani, na kama huioni ndiyo yako. Ukikosa, nunua mbili, moja nyeusi kuliko wewe, uchanganye kiganjani. Usiku uondoe vyote kwa mafuta na kitambaa laini kabla ya maji.

Vitu viwili zaidi. Wanja wa kienyeji unaouzwa bila jina unaweza kuwa na risasi, hasa ule uliosagwa kutoka kwenye jiwe, na watoto wachanga wasipakwe. Na hina, ambayo wanawake wa Kisomali huichora kwa ustadi mkubwa, ni salama ikiwa ni ya majani, yenye wekundu wa kahawia. Piko nyeusi inayokolea kwa saa moja ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na kwa baadhi ya watu huunguza na kuacha malengelenge yenye umbo la maua yaliyochorwa. Aliyewahi kuunguzwa nayo asiguse tena rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote.

Ukavu mwingine hauponi kwa mafuta. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele kati ya vidole na kwenye kiuno, na ambao watu wengine wa nyumba nao wanao, ni upele. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na unatibika kwa dawa, sharti nyumba nzima itibiwe siku moja. Duara lenye kingo za magamba ni fangasi, na krimu ya steroidi huifanya isambae. Baka lililopauka ambalo likiguswa kwa pamba halina hisia yoyote linaweza kuwa ukoma, ambao nao hupona kabisa ukiwahiwa. Vituo vya afya vya Nakivale huwapokea wakimbizi na wenyeji bila malipo, na wagonjwa wanaohitaji bingwa hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, mji ambao chuo kikuu chake hufundisha madaktari wa ngozi. Baka la namna hiyo usilipake kitu chochote. Lipeleke kituoni wiki hiyohiyo.